Protini ni Protini

Jumapili, jioni

Bado anahara. Ndama hana hata wiki tatu, mkia umelowa, macho yameingia ndani, na yule mtu ananiambia nisubiri, atazoea.

Yule mtu ni shemeji Makokha, mdogo wa mume wangu, mwenye agroveti, duka la dawa na vyakula vya mifugo, huko Lurambi. Ndiye aliyetuletea unga wa kunywesha ndama ili maziwa ya ng'ombe tuuze yote. Leo nimesoma gunia mwenyewe. Karibu yote ni soya, maziwa ni ya kunusia tu. Tumbo la ndama mchanga litaiweza wapi soya? Nilipomuuliza alicheka.

"Shemeji, protini ni protini. Ya soya, ya maziwa, zote zinaingianga tumbo moja."

Ndama nimemrudishia maziwa ya mama yake, lakini naogopa nimechelewa.

Makokha hakuondoka, maana harufu ya kuku ilikuwa imemfikia. Nikamwekea obusuma, ugali wetu, na bakuli la maharagwe. Kuku nikawapakulia watoto, yeye akiangalia.

"Na ingokho?" akauliza, kidole kikielekea kwa kuku.

"Protini ni protini, shemeji," nikamwambia. "Utazoea."