Koti la Marivel na Kabichi za La Trinidad

Quirino Hill,
Baguio.
Jumapili, 17 Novemba 2019

Mpendwa dada Puring,

Nakusalimu kwa heshima zako zote. Ungekuwa karibu ningeushika mkono wako nikaugusisha kwenye paji la uso wangu, ingawa mara ya mwisho nilipofanya hivyo ulinipiga kikofi ukasema hujazeeka kiasi hicho. Goti lako linaendeleaje? Baridi ya Milano imeshaanza kuuma? Na huyo bibi unayemfanyia kazi bado anataka hadi soksi zipigwe pasi? Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, anatembea mpaka kanisani na kurudi, na masikio yake yanasikia yale tu anayoyataka. Herminia mke wangu anakusalimu. Amenitolea meza ya jikoni niandike, na amekaa ng'ambo ya pili kuhakikisha naandika kweli.

Barua hii anakuletea Rowena, binti wa jirani, anayerudi huko Jumanne. Anakuletea na furushi. Nakuomba usilifungue furushi kabla hujamaliza kusoma. Najua umeshalifungua. Wewe ndiye uliyefungua zawadi za Krismasi za nyumba nzima ukazifunga upya kwa gundi ya wali. Basi lifunge tena, ukae, usome.

Utauliza kwa nini niandike wakati juzi Ijumaa tulionana kwenye simu, wewe na machozi yako, binti yako Marivel na cheti chake cha ualimu. Dada, kuna mambo hayasemeki kwenye simu. Kwenye simu unanikatiza. Karatasi haikatizwi.

Ni habari ya koti.

Najua koti lile lilikuwa nini kwako. Sijasahau dansi yenu ya sekondari, ulipovaa gauni la mitumba alilokununulia Mama, na yule msichana wa mwenye duka la dawa akakunusa shingoni mbele ya watu wote, akasema, "Mbona kuna harufu ya stoo?" Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka ulivyorudi saa mbili kabla ya wenzako na viatu mkononi. Ndiyo maana uliposema Marivel hatakula kiapo cha ualimu akiwa amevaa mitumba, kwamba koti lake litatoka kwenye duka la kioo na risiti juu, sikubisha. Mimi, ninayekula kwa mitumba miaka kumi na moja, nilinyamaza.

Tukaenda, mimi na Marivel, kama ulivyoagiza. Duka lile lina kiyoyozi, dada. Mji huu watu wanalala na blanketi mbili, wao wanalipia umeme waongeze baridi. Msichana wa dukani alinifuata hatua tatu nyuma kila nilipogeuka, kana kwamba koti laweza kuibwa kwa macho. Nilipogeuza mkono wa koti ndani nje ili niangalie mshono, akaniambia, "Baba, tafadhali, hilo ni la kuuzwa." Nikamwambia ndiyo maana naliangalia. Hakuelewa.

Tulinunua lile jeusi, la kola ndogo. Kitambaa kizuri, sitakisingizia. Ila mikono ilikuwa mirefu, na dukani walitaka wiki nzima kuipunguza. Nikamwambia Marivel, "Niletee kesho sokoni, nitaipunguza ukinywa kahawa." Maneno hayo niliyasema mimi. Naomba uyakumbuke, maana kuanzia hapa kosa lina mwenyewe, na siye mtoto.

Unamfahamu Manang Ising, yule mama wa mitumba ninayekaa na cherehani yangu pembeni ya kibanda chake. Siku ile ilikuwa Jumatano, na Jumatano ndiyo siku ya kufungua belo jipya la mitumba. Wewe umeondoka siku nyingi, labda umesahau. Watu wanaoheshimiana kanisani wanavutana nywele. Mke wa diwani anaingia kichwa kwanza, miguu juu. Mimi huwa namalizia kazi zangu na kuzitundika kwenye msumari wangu ukutani. Jumatano ile msumari ulikuwa na mwavuli wa Herminia.

Nilikuwa nimeshakata ile karatasi ya bei, nimeshapima mikono, nimetia alama ya chaki. Ndipo Manang Ising akakata kamba ya belo, mtu akapiga kelele, "Makoti ya sufu!", na mimi, fundi mzima, nikatundika koti la peso elfu nane na mia tisa kwenye bomba la karibu la kutundikia nguo. Bomba la Manang Ising. Nikaruka ndani ya belo pamoja na mpwa wangu.

Tulipotoka, tuna kofia mbili na skafu, bomba lilikuwa limebaki na henga tupu.

"Manang," nikamwambia, "lile koti jeusi liko wapi?"

"Lipi? La kola ndogo? Nimeliuza." Akatikisa mkoba wake. "Mia na hamsini. Alitaka kwa mia, nikamkazia."

"Lilikuwa la Marivel!"

"Lilikuwa kwenye bomba."

"Manang, tumelinunua jana kwenye duka la kioo!"

"Eliseo," akasema, bila hata kuacha kukunja suruali, "miaka kumi na moja tunakaa bega kwa bega. Kilicho bombani ni changu, kilicho mwilini ni chako. Sheria hiyo wanaijua hata paka wa soko."

Marivel alicheka kwanza. Alicheka mpaka akakaa juu ya belo. Halafu uso ukabadilika, akasema, "Mama ataniua, Mjomba."

"Hawezi kukuua, wewe una leseni ya ualimu. Ataniua mimi."

"Si utani. Alikuwa anatembea kwa miguu asilipe basi. Mwaka mzima."

Hilo sikulijua, dada. Ulituambia unatembea kwa ajili ya goti.

Kiapo kilikuwa keshokutwa. Manang Ising, alipomwona mtoto analia, alilegea akakumbuka mnunuzi: Bi Tomasa, muuza kabichi wa La Trinidad, mteja wake wa siku zote. Alfajiri ya Alhamisi tukapanda jipni la kwanza. Kwenye soko la mboga tulimkuta Bi Tomasa juu ya lori, miguu kwenye buti za mpira, anarushiwa kabichi kutoka chini naye anazipanga. Alikuwa amelivaa. Mikono ameikunja hadi kwenye kiwiko, kwa hiyo angalau tatizo la urefu alikuwa ameshalitatua.

Nikamweleza kutoka chini, kabichi zikipita juu ya kichwa changu. Aliposikia bei ya dukani alisimama, kabichi moja ikampiga tumboni.

"Elfu nane? Hili?" Akainua mkono. Kwapa lote lilikuwa limeachia, bitana imetoka nje kama ulimi. "Limepasuka jana ile ile, kabichi ya kumi! Mimi nilikuwa nakuja kumgombeza Ising kwamba kanipiga kwa mia na hamsini!"

Wapakiaji wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Bi Tomasa, leo umebeba kabichi umevaa mshahara wangu wa mwezi."

Nikamwomba atuuzie tena. Akakataa pesa. "Mimi sina shida na pesa yako, nina shida na baridi. Nipe koti la kazi, nikupe hili la harusi." Nikavua la kwangu, lile la jinzi lenye manyoya ndani, mitumba ya miaka sita. Akalivaa, akarusha mikono huku na huku, likamtii. "Haya ndiyo makoti," akasema. Akatuongezea kabichi tatu, kwa huruma, na tukarudi Baguio nikitetemeka na mboga mapajani.

Nililiweka koti mezani nikalifungua bitana. Dada, ndani kulikuwa na gundi. Mabega yamegandishwa, mshono wa kwapa una uzi mmoja mwembamba kama nywele ya mtoto. Uzuri wote umewekwa upande wanaouona watu. Kushona ningeweza kabla ya jioni. Lakini kuanzia kifuani hadi kiunoni kulikuwa na tope la La Trinidad, na kwa Novemba ya Baguio ukifua Alhamisi unavaa Jumatatu.

Marivel alichukua mwavuli, akatoka. Saa moja baadaye alirudi na mfuko wa plastiki. Alikuwa amekwenda kwa Manang Ising, akaingia kwenye mabaki ya belo lile lile, akachimba hadi chini kabisa, kule wanakochoka kufika wake za madiwani.

"Alisema mia tatu," akaniambia. "Nikamwambia, Manang, umeuza koti langu. Akasema basi mia na themanini, na vita vimekwisha."

Lilikuwa koti la sufu, bluu iliyokolea hadi inakaribia weusi. Nililigeuza ndani nje, nikatulia kama mtu aliyefungua mlango akamkuta askofu. Matundu ya vifungo yameshonwa kwa mkono, yote. Bitana ya hariri, imeachiwa mkunjo mdogo mgongoni ili mtu apumue. Kwapani, mishono miwili, mmoja juu ya mwenzake. Fundi aliyelitengeneza alijua siku moja litavaliwa na mtu anayeinua mkono. Na shingoni kuna lebo, jina la fundi limefutika, lakini chini yake linasomeka vizuri: Milano.

Sisemi uliwahi kulipiga pasi. Mji ni mkubwa. Ila mikunjo ya kola ilikuwa imekaa vile unavyoikalisha wewe.

Kilichobaki ni harufu. Hapo sikulala kwa starehe, kwa sababu nilikuwa nakuona wewe na viatu mkononi. Nikachanganya siki na maji ya ndimu za kalamansi, nikalipiga pasi juu ya kitambaa kibichi mara nne, nikalitundika juu ya jiko pamoja na mfuko wa kahawa. Asubuhi tukampelekea Mama alinuse, maana masikio yamechoka lakini pua yake ingali ya polisi. Akaliweka usoni, akanusa kola, akanusa kwapa, akarudia kola.

"Linanuka kahawa," akasema. "Nani amekunywa kahawa bila kunipa?"

Basi, dada, nikashusha pumzi niliyoishika tangu Jumatano.

Ukumbini walikuwa walimu mia nne. Nilikaa nyuma, sikutazama jukwaa, nilitazama migongo. Walipoambiwa wainue mkono wa kulia, makoti mengi yalipanda hadi masikioni kama kobe anayejificha. La Marivel halikusogea. Mkono ulipanda peke yake, koti likabaki mahali pake. Mwenzake wa kushoto akamwinamia, nikajua ndiyo sasa, ananusa. Kumbe, Marivel aliniambia baadaye, alikuwa anauliza limenunuliwa wapi. Marivel akamjibu, "Limetoka Milano, kwa mama." Binti yako hakusema uongo hata neno moja. Atakuwa mwalimu mzuri.

Halafu tukakupigia simu, nawe ukalia, ukajifuta, ukaleta uso karibu na kioo, ukasema, "Mnaona? Mnaona lilivyokaa? Nguo ya duka la kweli inajisemea yenyewe!"

Marivel alinitazama. Mimi niliitazama sahani ya tambi za pansit. Herminia akaanza kukohoa ikabidi apelekwe jikoni.

Tangu siku hiyo sina raha, wala Marivel hana. Ametaka kukuambia mwenyewe, nikamkataza. Aliyetundika ndiye wa kusema. Sasa nimesema, na naona kifua chepesi. Ukitaka kukasirika, kasirika, lakini angalia kwanza ile picha tuliyokutumia, mkono wake ulivyo juu. Hakuna aliyemnusa, dada. Katika watu mia nne, hakuna hata mmoja.

Na sasa furushi.

Ndani ni lile jeusi, la duka la kioo. Tope limetoka, lilichukua siku mbili na brashi ya meno. Gundi nimeitoa yote, mabega nimeyashona kwa mkono, kwapani nimepitisha mishono miwili, nimemwiga fundi wa Milano. Halafu nikaliachia kiunoni na kulipunguza mikono. Marivel hawezi kulivaa tena, linamzidi huku na kumpungua kule. Nimelikata kwa vipimo vyako. Ninavyo kwenye daftari tangu gauni la msiba wa baba, nikaongeza kidogo kwa ajili ya tambi za huko. Usinune.

Wewe ndiye uliyetembea mwaka mzima kwa ajili yake. Katika maisha yako yote hujawahi kujinunulia nguo mpya, nami sikumbuki hata mara moja uliyoingia duka la namna ile isipokuwa kumbebea mtu mifuko. Basi hilo ni lako. Karatasi ya bei niliikata, lakini risiti iko mfuko wa ndani, upande wa kushoto, kama ulivyotaka.

Nisalimie binamu Nestor na mwambie simu zake za usiku Mama anazidhani ni ving'ora. Wasalimie wenzako wa misa ya Jumapili. Mama anakutumia baraka zake, na anauliza utakuja lini. Nimemwambia mwakani, akasema hakusikia. Marivel anaanza kufundisha Januari, darasa la tatu, na atakuandikia kwa mkono wake mwenyewe. Mungu alilinde goti lako na njia zako zote, akurudishe kwetu salama.

Nakuomba jambo moja. Usilitundike kabatini ukilisubirisha sherehe, nakujua. Livae Jumapili hii hii. Manang Ising alishatoa hukumu: kilicho bombani ni cha mwingine, kilicho mwilini ni chako.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, mtundikaji,
Eliseo