Bibi, na Wewe Zilikuotesha?

Shikamoo Bibi,

Natumaini goti linaendelea vizuri na ngedere wa huko Mzenga hawajamaliza mahindi yako. Barua hii vaa miwani uisome mwenyewe, usimpe mtu akusomee.

Dawa ulizompa mjomba Isihaka alete Kibaha zilifika. Mafuta ya mnyonyo nimepaka, kitunguu maji nimesugua mpaka mume wangu akauliza kama nimeanza kuuza sambusa. Shubiri ilinichoma tu. Vile vipara viwili sasa vimeungana. Wifi amenuna kwa kuwa sikubali tena anisuke. Anadhani naogopa atazipeleka nywele zangu kwa mganga. Mwache anune.

Hayo ningeyavumilia. Ila jana nilimkalisha mwanangu Salha nimsuke kwa ajili ya Idi, nikakuta nyuma ya sikio lake kiduara kitupu, laini kama kiganja. Nikamfunga kitambaa haraka kabla hajauliza.

Bibi, nimelala nawe kitanda kimoja utoto wangu wote, na sijawahi kukuona bila mtandio. Kabla hujatuma dawa nyingine, niambie ukweli: wewe zilikuotesha nywele?

Mjukuu wako,
Anifa