Baba Yupi?

Kaka yangu Muthama,

Mama anaulizia uliko kila siku. Nimeona nikuandikie wewe, maana hapa mtaani Mbotela wa kumjibu hayupo.

Unakumbuka ulivyoileta ile kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi yenu? Mkokoteni ulikwama mtaroni, ukausukuma ukiwa na shati lako jeupe, watu wakikucheka. Mama alikuwa ameanza kusahau. Aliniita kwa jina la dada yake, kisha akalia alipogundua. Ukaniambia, "Wacha kulia na wewe, Kanini. Hii tutaiambia ukoo wote. Mathe akisahau, anaiuliza tu."

Basi Jumapili baada ya kanisa mliketi pamoja, yeye akitaja, wewe ukibonyeza: nani kamzaa nani, nani kaolewa na nani, nani anakaa wapi. Kila jina ulilifunga kwa jingine, ili swali likiingia lifuate hizo kamba mpaka lifike kwenye jibu. Na ilijibu kwa Kiswahili! Mama alipouliza dada yake Ndunge anakaa wapi, ikaandika: Ndunge anakaa Pumwani. Akapiga makofi kama mtoto. Sijawahi kukupenda kama siku ile.

Kisha ikaja ile ya baba. Ulipewa jina la babu, mzaa mama, na mama hakuwahi kukuita ila "baba", kama desturi yetu Wakamba. Ukaingiza kwamba Muthama ni mtoto wa mama, tena kwamba Muthama ni baba yake mama. Mashine haikujua kuna mzee na kuna kijana; kwake jina moja lilikuwa mtu mmoja. Okoth, jirani yetu fundi wa vitanda kule sokoni Gikomba, akaiuliza baba yake mama ni nani, halafu mtoto wa mama ni nani; mara zote mbili ikajibu: Muthama. Alicheka mpaka akakaa chini. "Aisee Muthama, kumbe wewe ndio buda ya mathako, babake mamako!" Hata mama alicheka, ingawa sidhani alielewa.

Ulisema utawatenganisha wale wawili. Kifua kikakubana kabla hujafanya hivyo, na tukakupeleka nyumbani Ukambani, tukakulaza kando ya kaburi la babu.

Nimejaribu kukaa pale ulipokaa. Kuuliza najua, kubadilisha sijui. Niliiuliza Muthama anakaa wapi, mama akichungulia begani kwangu. Ikaandika: Muthama anakaa Mbotela. Akavaa viatu, akaketi mlangoni kukungoja hadi chai yake ikapoa. Nikachomoa waya. Sijairudisha, na sitairudisha.

Sasa mashine ni mimi. "Baba yuko wapi?"

"Alikufa, mama."

"Huyo najua, nilimlilia zamani. Nauliza baba huyu mwingine."

Nikimwambia ukweli, anapiga nduru kama ndiyo kwanza anasikia, na kwake ndiyo kwanza. Nikimdanganya, anavaa viatu. Nimechoka, kaka. Watu wa kanisa wanasema nivumilie, mvumilivu hula mbivu. Mbivu gani? Hakuna kinachoiva hapa.

Leo mchana aliuliza tena. Nikataka kununua muda kidogo, nikamwambia, "Baba yupi, mama?"

Akanitazama kwa upole, kama unavyomtazama mgeni aliyebisha hodi. "Na wewe," akasema, "ni wa nani?"

Pumzika, kaka. Nimebaki kuwa wako tu,

Dada yako