Nguwo ya Wifi

Shoga, wamenifungia! Akaunti ya matangazo ya ushonaji wangu imezuiwa kutangaza, eti mimi tapeli!

Nikaenda kusoma maoni chini ya tangazo la mwisho. Mtu asiye na jina wala picha kaandika: "Tapeli huyu, nguwo zake mbovu. Mripotini."

NGUWO, shoga. Nguwo! Nani mwingine anaandika hivyo kama si wifi yangu? Kila meseji yake ni nguwo, nguwo.

Na jana tu alikuja nimpime gauni lake la harusi, ananichekea: "Wifi, hakuna anayenishonea kama wewe."

Harusi Jumamosi. Nimemrudishia kitambaa chake, hata mkasi hakijauona. Juu nimebandika karatasi: "Nguwo yako hiyo. Jishonee."