Uliniuliza Wasomaji Wamesema Nini

Kadutu, Bukavu
Tarehe 17 Novemba 2023

Mupendwa dada yangu Joviale,

Jambo sana, wewe na bwana yako, na huyo kichanga mwenye bado hatujamubeba. Ananyonya vizuri? Anawaacha mulale, ao anawatesa? Na mugongo wako, umepona? Nasikia joto ya Lubumbashi mwezi huu haina huruma, musimuvike mutoto nguo nyingi.

Sisi huku tuko, Mungu anatuchunga. Bwana yangu Destin alikuwa na malaria, sasa anakula kama kawaida na kunisumbua kama kawaida. Watoto wanasoma. Mvua inanyesha kila siku, njia ya kwetu imekuwa matope matupu. Juzi niliteleza na kikapu cha sambaza mbele ya bamaman wa soko, samaki zote chini. Walicheka mpaka wakasahau kuuza.

Kitabu ulichotuma kwa mukono wa Jean-de-Dieu kilifika salama. Mara ine umeniuliza kwa simu: wasomaji wa parokia wanasemaje? Na mimi kila mara: bado tunasoma, simu inakatika, nitakuambia. Uongo mutupu. Simu ilikuwa inasikika vizuri kabisa.

Basi nijibu. Tulikaa Jumamosi iliyopita, watu kumi na mmoja, mu sale ya parokia, mule korali inafanyia mazoezi. Unakumbuka hadithi: jamaa sita zinatupwa inje ya nyumba zao kwa karatasi ya uongo, na yule mama avoka, wakili wao, anatafuta nani aliitengeneza, mpaka anamufikia karani mwenye aliipiga mashine. Ariane, mwalimu wa Kifaransa, alisema kimeandikwa vizuri ila mbio za polisi ni ndefu mno, mutu akitaka mbio aangalie filimu. Cédric, yule avoka kijana wa avenue yetu, alikasirika. Eti hakuna tribinali yenye inasikiliza kesi haraka namna ile, huku kwetu yule mama angezeeka kabla ya ukurasa wa kumi! Wengine walisema walilia pale mutoto analala ku kituo cha basi akiwa amevaa viatu, ili wasimuibie. Mimi pia nililia pale.

Kisha Ariane akasema: "Mimi mubaya wangu ni karani. Bakubwa bana tamaa, sawa. Lakini bila mukono yake hakungekuwa kitu."

Joviale, niliruka kitini. Nilimutetea yule karani kama ndugu wa tumbo moja. "Yeye anapiga mashine tu! Mutu analeta maneno, yeye anapiga, watoto wanakula! Mukimufunga, mufunge na mashine yake!" Watu walicheka, wakasema Colombe anatetea kazi yake ya kupiga mashine. Nilicheka nao, nikaficha vidole chini ya meza.

Sasa kaa chini, na mutoto umupe mutu amushike.

Mama yako hayuko Lwiro kwa dada yake. Nilikudanganya. Tulikudanganya wote, kwanza kwa sababu ya ile mimba yako yenye ilikuwa inatuogopesha, kisha kwa mazoea tu. Nyumba yenu iliuzwa. Tangu mwezi wa tatu Maman Georgette analala mu ile sale ya parokia, nyuma, kati ya mabenchi na ngoma za korali. Kila Jumamosi tukija, anakunja mukeka, anatoa sufuria zake inje, anatufagilia, ili sisi tukae vizuri kuzungumza juu ya watu wenye hawana nyumba. Na mimi nilikuwa napita pembeni yake, "Jambo maman," nafungua kitabu. Kila simu yenye ulimutafuta, nilikuambia yake imeharibika. Haikuharibika, alikuwa amekataa kukudanganya kwa mudomo wake.

Sijamaliza. Kibaya zaidi ni hiki.

Baada ya matanga ya baba yako, Papa Bisimwa, ndugu yake Tonton Modeste alikuja ku kibanda changu na maneno ya kupiga mashine: kwamba jamaa ilikaa kikao, ikakubali kuuza ile parseli, kiwanja na nyumba yenu. Hakukuwa kikao. Alisema wote wamekubali, hata Maman Georgette, ila ameenda Kalehe kwa kilio na mununuzi anangoja. Unajua mama yako haandiki, yeye anatia kidole. Tonton akasema: "Colombe, weye ni mutoto wa nyumba. Tia kidole kwa nafasi yake, mangaribi nitamuelezea."

Dada yangu, ile kazi imeniharibu. Kila siku watu wanatuletea karatasi za wazee wenye wamebaki kijijini. Nani atamuteremusha muzee mulima muzima kwa sababu ya kidole? Basi sisi wapiga mashine tunakopesha vidole vyetu. Wote pale karibu na ofisi ya komini tunafanya vile, na tunaita kusaidia. Nimewatilia kidole wazee wenye sijaona hata sura yao. Siku ile nilikandamiza kidole ku wino, nikatia juu ya jina la mama yako, nikapangusa na kitambaa, nikaita mutu mwingine. Tonton akaninunulia soda, nikainywa.

Wiki tatu baadaye watu wa mununuzi walikuja kutoa milango ya kwenu. Ile nyumba, Joviale, yenye nilikula bugali yake miaka miwili nikisoma sekondari, na mama yako alikuwa ananiwekea kipande cha nyama chini ya sahani ili kaka zako wasione. Nilisikia makelele kutoka kibandani. Sikutoka. Nilijifanya nina kazi nyingi.

Turudi Jumamosi. Mama yako alikuwa ameketi mulangoni, akingoja tumalize atandike. Ariane akamuona anasikiliza, akamuuliza kwa heshima: "Na weye maman, unaonaka aje?"

Akaweka sufuria chini. "Ule mutu mwenye alipiga karatasi, alikuya hata siku moya kuuliza bale batu balilala wapi?"

Ariane akafungua kurasa, akatafuta. Akasema hapana, maman, hakuenda.

"Basi kitabu yenu haiyaisha."

Ariane akafunga kitabu. Walifunga na sala, wakaenda. Mimi nilibaki. Nilimuambia yote nikiwa nimepiga magoti, na najua magoti hayasaidii kitu. Alishika kile kidole changu, akakisogeza ku mwangaza wa mulango, akakiangalia muda murefu. Kisha akakiachilia.

"Joviale anayua?"

Nikasema hapana.

"Umuandikie. Weye njo unayua kuandika."

Ndiyo maana unasoma barua hii. Si roho yangu nzuri, ni amri ya mama yako.

Tangu Jumatatu analala kwetu, mu chumba cha watoto. Alikuja kwa sababu mimi na Cédric tulimubembeleza siku mbili. Anapika mwenyewe, ku sufuria yake mwenyewe. Watoto wanamupenda, anawaongelesha. Mimi ananijibu tu nikiuliza.

Cédric ndiye anapeleka kesi ya mama yako ya nyumba, tangu mbele ya Jumamosi ile, bila kumuomba kitu. Alikuwa tayari kuonyesha kwamba kile kidole si cha mama yako, lakini hakujua ni cha nani. Sasa anajua. Siku ya Jumanne, tarehe 21, nitasimama ku tribinali, nitatia kidole changu mbele ya juge wakilinganishe. Cédric hakunificha: nyumba inaweza kurudi, na mimi ninaweza kufungwa. Kibanda nitakikosa hata nisipofungwa. Tonton Modeste ametuma watu kusema naua jamaa. Destin hanisemeshi tangu jana, anaangalia watoto tu. Naogopa, Joviale. Lakini nitaenda.

Usinijibu haraka. Kasirika kwanza, ni haki yako. Ukitaka kunitukana kwa simu, piga, nitapokea, na kisha nitamupa mama yako simu umusikie mwenyewe.

Mama yangu Christine anawasalimu, yeye pia amejua juma hili na analia. Watoto wanamusalimu ndugu yao mudogo. Mungu awafunike huko, awape usingizi na maziwa ya kutosha, na asimuhesabie mutoto wenu makosa ya mama yake mudogo.

Mama yako anakusalimu sana, anasema umufunike mutoto tumbo usiku. Nilimuomba atie kidole chini ya salamu hizi, ujue ni zake kweli. Amekataa. Anasema karatasi yenye mukono wangu umepita, hataitilia kidole chake.

Dada yako mwenye anakupenda na mwenye alikukosea,

Colombe