Matuta ya Rozina

Dada yangu Bertilla,

Shikamoo. Natumaini uvimbe wa miguu umepungua, na baridi ya Mazwi haikuzuii kwenda misa ya asubuhi. Mimi mzima, ila mgongo unalalamika. Sababu yake utaiona mbele. Sikupiga simu kwa kuwa kwenye simu ungenikatiza.

Umesikia kwamba nimeitupa mali ya marehemu mdogo wetu Yonas kwa kiburi. Nimeikataa, dada, na ningeikataa tena. Siku ya kumaliza matanga, wazee wa ukoo walinikabidhi shamba lake la Mwazye pamoja na mjane wake, Rozina, kwa pumzi moja, kama jembe na mpini. Nikawaambia mtu harithiwi. Cleophas wa baba mkubwa akacheka, akasema miaka arobaini ya Tanga imenipotezea akili. Akaongeza kwamba nikimkataa mke nimekataa na ardhi, basi ardhi irudi kwa ukoo na Rozina arudi kwao. Nikajibu kwamba mimi sichukui hata bonge la udongo. Rozina hakuinua uso.

Kumbe ukoo ni Cleophas. Yeye anaishi mjini, Mwazye huonekana kukiwa na cha kubeba. Baada ya Pasaka alimleta Mboje, yule mfugaji Msukuma, anunue. Wakamkuta Rozina hajaondoka, na shamba zima limejaa matuta ya majani yaliyofukiwa, maharage yamechanua juu yake. Cleophas akaagiza yasawazishwe. Mboje akamuuliza, mbele ya wazee, yeye ni Mfipa wa wapi: hata mchunga ng'ombe anajua kwamba huku aliyefukia majani ndiye apandaye ulezi msimu unaofuata, na haondolewi juu ya tuta lake. Akawasha pikipiki, akaondoka. Wazee waliona haya kufundishwa mila na mgeni. Wakatamka kwamba Rozina abaki, maadamu analima.

Cleophas bado anauliza mwanamke mmoja aliwezaje kufukia shamba lote kabla majani hayajakauka.

Wewe nakwambia. Sikurudi Tanga. Nimepanga chumba kwa Mzee Clemens, ng'ambo ya kijito, asije mtu akasema nimerithi kwa mlango wa uani. Kila alfajiri nilivuka na jembe. Majirani waliona, wakanyamaza. Siku ya kwanza Rozina aliniuliza, shemeji, unafukia majani au unafukia jembe? Tangu msiba, ndipo nilipomsikia akicheka. Masika ijayo nitavuka tena, Mungu akinipa uhai.

Wasalimie wajukuu, na padre pia. Wakikuuliza nimerithi nini kwa Yonas, waambie malengelenge. Na hayo Cleophas akiyataka, aje achukue jembe.

Mdogo wako,
Kasmir