Nilikuwa Kwenye Mashindano ya Sloti, Aliyelaumiwa kwa Ndege ni Jirani

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Jumapili tarehe 1 Juni, maana siku hiyo baada ya misa kuna mtu ataadhibiwa kwa kosa langu, na mimi ndiye niliyesoma ushahidi. Majina nimeyabadilisha.

Mimi ni mkulima wa mpunga hapa Kiberege, nina miaka thelathini na minne, nilimaliza kidato cha nne, na tangu mwaka huo naandika daftari langu kila siku, mvua imenyesha au haikunyesha, mto umepanda au umeshuka, na kwa sababu hiyo majirani huniuliza wapande lini, nami nikiangalia miaka iliyopita huwa sikosei sana. Tarehe 2 Mei niliona kwenye simu tangazo la mashindano ya sloti, zile mashine za picha zinazozunguka, bure kwa wanaoanza. Mnaingia watu wengi kwa pamoja, kila mmoja anapewa pointi sawa na dakika kumi, unabonyeza picha zizunguke, zikipangana unaongezewa pointi, na dakika zikiisha majina yanapangwa kwenye ubao, ishirini wa juu wanapata zawadi. Nikaanza kuandika matokeo kama ninavyoandika mvua, na baada ya siku kumi na mbili nikaona kwamba saa kumi jioni ndipo ninapopanda juu, nikasema nimeipata, hii mashine nayo ina msimu wake.

Sasa, mpunga ukianza kutia maziwa, sisi watatu tuliopakana mashamba huwinga ndege kwa zamu, mmoja anakaa juu ya dungu na kuvuta kamba za makopo kwa niaba ya wote. Jumanne tarehe 20 Mei asubuhi ilikuwa zamu ya jirani yangu Nazari, alasiri ilikuwa yangu. Saa kumi kamili nikaingia mashindano ya kulipia, ya kwanza kwangu, na mshauri, kule hakuna kusimamisha, ukiinua macho dakika zinakwenda, nikamaliza wa hamsini na kitu, wakaniambia nikilipa ada tena naweza kuanza upya, nikarudia, nikarudia mpaka ikafika mara nne, na nilikuwa nasikia kwelea kwelea wakipita juu ya dungu kama upepo, nikajiambia namalizia hii tu. Nilipoinua kichwa walikuwa wanaruka kutoka shamba la Mama Justa, mwenzetu wa tatu, ambaye ni mjane, na upande ule masuke yalikuwa yamesimama wima, matupu.

Jioni ile niliandika: “Alasiri, ndege wachache.” Ni uongo wa kwanza katika daftari langu.

Alhamisi Mama Justa alituita shambani.

“Nazari, ulikuwa unawinga ndege au unawakaribisha mezani?”

“Mama, niliwapigia kelele mpaka sauti ikakauka. Muulize mke wangu, mchana nilikuwa naomba ugali kwa ishara za mikono.”

“Usinichekeshe, nina hasira.” Kisha akanigeukia mimi. “Wewe kaka yetu wa daftari, hebu tusomee. Alasiri yako ilikuwaje?”

Nikasoma. Mama Justa akasema, “Basi, daftari limesema.” Nazari akaliangalia daftari, halafu akasema polepole, “Labda nilisinzia. Huyu mtoto mchanga hatulazi.”

Jumapili baada ya misa kuna kikao cha majirani, wanataka kumtoa kwenye zamu, na yeye alichelewa kupanda, mpunga wake ndio kwanza unatia maziwa, mtoto ana wiki tatu, hawezi kukaa dunguni peke yake kutwa nzima hadi mavuno. Nimefikiria nicheze mashindano makubwa ya Jumamosi, nikipata zawadi nimpelekee Mama Justa kimyakimya, na Nazari nimtetee kikaoni bila kueleza sababu. Mimi ni mgeni wa mambo haya, nifundishe, nakosea wapi katika kucheza? Au niseme?

Mwenye Daftari, Kiberege.

*

Mwenye Daftari, marahaba. Umeuliza maswali mawili, na la pili ukaliweka mwisho kabisa kwa maneno mawili tu. Kwa hiyo najua ndilo linalokuuma.

La mashindano nalijibu kwanza ili tuliondoe njiani. Hukukosea katika kucheza, kwa sababu hakuna namna ya kucheza. Kila mzunguko unaanza upya. Mashine haikumbuki jana, haijui saa kumi wala saa nne. Mvua ina sababu zake, ndiyo maana miaka yako ya kuandika imewafaa majirani; picha zile zinatoka kwa bahati. Siku kumi na mbili bahati ilikupandisha saa ileile mara kadhaa, nawe ukaiita msimu. Kitu pekee kilichoko mikononi mwa mchezaji ni kubonyeza haraka dakika zisipotee, na ndicho kilichokuzuia kuinua macho. Yametengenezwa hivyo. Aliyekuruhusu kurudia hakuwa anakuhurumia. Ada zako zinajaza zawadi ya mwingine, na mfuko wake yeye. Na hata ukishinda, soma masharti: mara nyingi zawadi ni bonasi ya kuchezea tena. Mjane hali bonasi. Jumamosi usicheze.

Sikucheki, mwanangu. Mtu mzembe angechoka siku ya tatu. Wewe umenaswa kwa sababu umezoea kwamba ukiandika kwa makini utaelewa, na maisha yako yote imekuwa kweli.

Lakini kwa Nazari nakugombeza. Ndege kula mpunga ni kosa la dakika arobaini. Ulichofanya Alhamisi ni kikubwa zaidi: mtu alijua vizuri alivyofanya kazi yake, ukamfanya aamini kwamba alilala. Hilo haliwezi kungoja Jumapili.

Nenda leo. Nenda nyumbani kwake, na mkewe awepo, maana naye ameambiwa mumewe alisinzia. Usianze na habari za simu, atadhani unatafuta pa kuegemea. Sema: “Hukusinzia. Ndege walikuja kwenye zamu yangu, nikawaacha, halafu nikasoma uongo.” Ukishasema hayo nyamaza, umpe nafasi akasirike. Kesho nenda kwa Mama Justa, umuulize anataka umfidie nini wakati wa mavuno, mpunga kwa mpunga, na usimpangie. Jumapili simama wewe kabla hawajamtaja mtu.

Wale wa mashindano waandikie waifunge akaunti yako kabisa, kisha ufute programu yao. Ukiona mkono bado unaitafuta, simu ishikwe na mtu wa nyumbani kila alasiri, na umwambie kwa nini.

Huenda wakakutoa wewe kwenye zamu. Kubali. Ila kumsaidia Nazari hakuhitaji ruhusa ya kikao. Mwombe akuruhusu ukae kwenye dungu kuanzia kesho kabla ya jua, yeye apumzike na mtoto wake. Akikataa, usibishane naye. Rudi keshokutwa, uombe tena.

Mama Luciana